Gari limeegeshwa tu, mbona betri imekufa?

Mwezi wa Desemba unapowadia, kuna kisa ambacho hurudiwa katika maboma mengi humu nchini. Gari lililoachwa nyumbani mashambani tangu Agosti linafunuliwa turubai, vumbi linapanguswa, watoto wanajazana viti vya nyuma, na mwenyewe anaingiza ufunguo. Badala ya injini kunguruma, kinachosikika ni "tik, tik, tik", na taa za mbele ya dereva zinafifia kama kibatari kilichoishiwa na mafuta. Mara lawama zinaanza. Kijana aliyeachiwa ulinzi wa boma anashukiwa kwamba alikuwa akisikiliza redio ya gari usiku, au kwamba alikuwa akiitoa betri na kuiazima rafiki zake watazame mpira. Naye mwuzaji wa betri anaitwa tapeli.

Yamkini wote wawili hawana hatia. Jambo ambalo wenye magari wengi hawalifahamu ni kwamba betri yaweza kuharibika upesi zaidi gari likikaa bure kuliko linapoendeshwa kila siku. Tena si kwa sababu tu nguvu zake zimekwisha. Betri kuishiwa na nguvu si kufa. Kinachoiua ni kule kukaa siku nyingi ikiwa imeishiwa.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni mambo ya wenye pesa zao. Katika vijiji vyetu vingi gari la jirani ndilo ambulensi. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, au mtoto akizidiwa na homa, watu hukimbilia lango la yule mwenye gari. Hapo ndipo betri iliyosahaulika tangu mavuno yaliyopita hugeuka kuwa suala la uhai. Na hata pasipo dharura, betri mpya hula maelfu ya shilingi ambayo yangelipa karo.

Ili kuelewa kinachotokea, yafaa kwanza tuachane na dhana kwamba betri ni mtungi wa kuwekea umeme. Ndani ya betri ya kawaida ya gari mna vyumba sita, na katika kila chumba mna mabamba yaliyotengenezwa kwa risasi, yale madini mazito ya kijivu, yakiwa yamezama katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyebuni betri ya aina hii mwaka wa 1859, kabla hata ya gari la petroli kuwako, na ingawa imeboreshwa mara nyingi tangu wakati huo, msingi wake haujabadilika. Umeme huzaliwa wakati asidi inaposhikana na risasi. Kadiri betri inavyotoa umeme, ndivyo asidi inavyoyaacha maji na kujibandika juu ya mabamba kama utando mweupe uitwao salfeti ya risasi. Ukiichaji, utando huo hubanduka, asidi ikarudi majini, na betri ikawa tayari tena.

Sasa, gari limezimwa na milango imefungwa. Nani anayekula umeme?

Wa kwanza ni gari lenyewe. Wazee watakwambia kwamba zamani waliweza kuacha Peugeot 504 chini ya mwembe miezi mitatu na ikawaka siku ya kwanza. Wanasema kweli. Gari la siku hizo lilipozimwa lilikuwa limezimwa, labda kama lilikuwa na saa ndogo tu. Gari la leo halilali. Kengele ya wezi iko macho, kompyuta inahifadhi kumbukumbu, redio inakumbuka stesheni, na mitambo ya kufunga milango inasubiri kusikia rimoti ya ufunguo. Isitoshe, magari mengi yaliyonunuliwa kwa mkopo yamefungwa kifaa cha kuonyesha mahali yalipo, nacho hutegemea betri hiyo hiyo usiku na mchana.

Kila kimoja hunyonya kidogo sana. Gari lisilo na hitilafu laweza kunyonya miliampia 20 hadi 50 likiwa limezimwa. Hebu tupige hesabu. Miliampia 50 kwa saa 24 ni saa-ampia 1.2 kwa siku. Betri ya gari dogo aghalabu ni ya saa-ampia 45 hivi. Katika siku 30 zitakuwa zimetoka 36, na hata kabla ya kufika hapo stata haitakuwa na nguvu za kuzungusha injini. Haikuhitajika redio wala mpira.

Mfano wa hivi karibuni tunao. Mnamo Aprili 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake, na baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Marufuku ya Nairobi na Mombasa yaliondolewa Julai 7. Hiyo ni miezi mitatu. Gari lililokwama upande usio na mwenyewe, hata kama lilikuwa likinyonya miliampia 20 pekee, lilikuwa limemaliza takriban saa-ampia 44 kufikia siku barabara zilipofunguliwa. Hiyo ni karibu betri nzima.

Mlaji wa pili yumo ndani ya betri yenyewe. Hata ukiitoa garini na kuiweka kabatini, betri hujila polepole, kwa kuwa asidi na mabamba haviachi kabisa kufanyiana kazi. Joto ndilo huchochea. Kwa kadirio ambalo mafundi hulitumia, joto likipanda kwa digrii 10 za Selsiasi, kasi ya betri kujila huongezeka karibu mara mbili. Kwa hivyo betri iliyoachwa Garissa, Lodwar au Mombasa haiwezi kulinganishwa na mwenzake iliyoachwa Limuru au Nyahururu, hata kama zilinunuliwa siku moja katika duka moja.

Maji nayo yana makosa yake. Wako madereva ambao betri ikipungua maji huongeza ya bomba, na wengine ya kisima. Maji hayo yana chumvi na chembechembe za chuma, na uchafu huo ukishaingia ndani hautoki. Hubakia humo ukisaidia betri kujimaliza yenyewe kwa haraka. Maji yanayostahili ni yale maalumu yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, yaliyosafishwa hata hayana chumvi yoyote. Na uchafu wa juu pia usiudharau: vumbi lililochanganyika na unyevu wa asidi juu ya betri huwa njia ambayo umeme hupitia kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kidogo kidogo.

Haya yote huishia kuimaliza betri nguvu. Lakini ubaya wenyewe ndipo huanza hapo.

Kila mpishi wa ugali anajua tabia ya ukoko. Sufuria ikilowekwa mara tu baada ya kupakua, ukoko hutoka kwa mkono. Ikiachwa siku mbili, utahitaji steelwool na jasho. Salfeti ile inayojibandika juu ya mabamba ya betri ina tabia iyo hiyo. Ikiwa changa ni laini, chembe zake ni ndogo mno, na ukichaji hubanduka. Ikiachwa wiki kadhaa, chembe huungana zikawa kubwa na ngumu, na umeme wa chaja hauwezi tena kuzirudisha zote katika maji. Kila sehemu ya bamba iliyofunikwa hivyo ni sehemu iliyokufa. Ndiyo maana utakuta betri iliyochajiwa usiku kucha, mita inaonyesha volti nzuri, lakini stata ikiguswa nguvu zinatoweka mara moja. Uso wa kufanyia kazi umekuwa mdogo.

Utando huo haungoji mpaka betri iwe tupu kabisa. Betri iliyobaki na nusu ya nguvu zake nayo ina nusu ya maradhi hayo, na ikikaa hivyo miezi miwili mitatu itaharibika, ila polepole. Kwa ajili hiyo ndipo magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huwa na betri dhaifu: yamekaa uwanjani kule, yakapanda meli wiki kadhaa, kisha yakasubiri tena Mombasa ushuru ulipwe. Mnunuzi huona gari linang'aa akasahau kuuliza betri imeonja nini njiani.

Kuna ushauri mmoja ambao husikika kila mahali: mwachie mtu ufunguo, awe akiliwasha kila Jumamosi kwa dakika tano. Nia ni njema lakini matokeo si mazuri. Kuwasha injini ndiyo kazi nzito kuliko zote ambazo betri hufanya. Injini ikinguruma pale pale bila mwendo, altaneta huzunguka polepole na umeme inaotoa ni haba, na kama huyo mwangalizi amewasha redio na feni ili astarehe, kinachobaki kuingia betrini ni kidogo. Halafu betri iliyoshuka hupokea umeme kwa uvivu, na ile sehemu ya mwisho ya kuijaza huchukua saa, si dakika. Juu ya hayo, injini inayowashwa na kuzimwa kabla haijapata moto sawasawa hujikusanyia unyevu katika oili. Kama kweli yuko mtu mwenye leseni wa kuaminika, basi aliendeshe gari nusu saa au zaidi barabarani. La sivyo, heri liachwe limelala, ila lilazwe vizuri.

Kulilaza vizuri maana yake ni nini? Kwanza betri ijazwe nguvu kabisa kabla ya kuachwa. Hili ndilo watu huruka, kwani huwa wanafikiria kuichaji watakaporudi. Mita ndogo ya kupimia umeme hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya umeme, na kila nyumba yenye gari ingefaa kuwa nayo. Pima baada ya gari kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. Kwa 12.4 imebaki robo tatu, kwa 12.2 ni nusu, na ikisoma 11.8 hiyo ni tupu. Ona jinsi tofauti ilivyo ndogo baina ya kushiba na kufa njaa! Ndiyo sababu kukisia kwa mng'aro wa taa hakufai.

Ikishajaa, ifungue waya. Anza na ule wa kichwa cha hasi, chenye alama ya kutoa, ambao kwa kawaida ni mweusi, na utakaporudi uwe ndio wa mwisho kurudishwa. Ukianza na ule mwekundu, spana ikagusa bodi ya gari, cheche zake zitakufunza adabu. Kabla ya kufungua, hakikisha mambo mawili. Kama redio ya gari lako ina nambari ya siri, uwe umeiandika mahali. Na ufunguo uwe unaweza kufungua mlango kwa mkono, maana rimoti haitafanya kazi na hutaki kujikuta umesimama nje ya gari lako mwenyewe. Tena mfahamishe aliyekuuzia kile kifaa cha kuonyesha gari lilipo, asije akadhani limeibwa.

Betri ikifunguliwa waya, yule mlaji wa kwanza amefungwa mdomo. Wa pili bado yupo. Kwa hivyo iweke mahali pakavu penye kivuli na baridi kiasi, uifute juu kwa kitambaa kilicholowa maji yenye magadi huku vifuniko vyake vikiwa vimekazwa ili magadi yasiingie ndani, kisha ichajiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, au wakati wowote mita inaposhuka chini ya 12.4. Walio na umeme wa jua nyumbani wana bahati: paneli ndogo ya wati 5 au 10, ikipitia kidhibiti chake, hutosha kuiweka betri ikiwa imeshiba mwaka mzima.

Pengine utaambiwa usiiweke betri kwenye sakafu ya simiti kwani simiti hunyonya umeme. Imani hii ina asili ya kweli. Zamani betri zilijengwa katika masanduku ya mbao au mpira yaliyoweza kupitisha unyevu na uchafu, na sakafu yenye maji ilileta shida. Za leo zimo ndani ya plastiki, na simiti haizidhuru. Mbao unayotafuta kuiwekea haihitajiki, ila ukipenda iweke, ni mbao tu.

Kinachodhuru kweli ni ile desturi ya kuitoa betri ya gari na kuifunga kwenye taa na televisheni. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo, na mabamba yake ni membamba kwa sababu hiyo. Ikikamuliwa polepole hadi mwisho, halafu ikaachwa hivyo mpaka siku ya soko ipelekwe kuchajiwa, haitafika mbali.

Neno kwa wenye magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius na Aqua ambayo sasa yamejaa barabarani. Msidanganywe na ile betri kubwa. Mengi ya magari haya yana betri nyingine ndogo ya volti 12, mara nyingi nyuma au chini ya kiti, na hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Kwa kuwa haikupewa kazi ya kuzungusha stata, ilitengenezwa ndogo, na kwa hivyo huisha mapema zaidi. Ikiisha, betri kubwa yaweza kuwa imejaa na gari lisitikisike.

Na kama tayari imekufa? Mtindo wa kawaida ni kuleta gari jingine, kuunganisha nyaya, kuliwasha na kuondoka. Hilo hukutoa shimoni, lakini altaneta si chaja ya kufufulia betri tupu. Kazi yake ni kudumisha betri iliyo nzima, na kuibebesha mzigo huo kwaweza kuichosha. Afadhali betri itolewe na kuchajiwa polepole, kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani kama ampia 4 au 5 kwa betri ya 45, saa kumi na zaidi. Fanya hivyo mahali penye hewa, si chumbani wala karibu na jiko, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Watoto wakae mbali. Asidi ikiruka machoni au kwenye ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali ikiwa ni jicho.

Jihadhari na fundi anayependekeza kuongeza asidi. Hupima kwa haidromita, anakuta maji ya betri yanasoma 1.15 badala ya karibu 1.26, anasema asidi imepungua. Haikupungua popote. Imejibandika kwenye mabamba, kama tulivyoeleza. Akimimina nyingine, betri itaonekana imefufuka siku chache, kisha ile asidi iliyozidi itayala mabamba. Kinachoongezwa ni maji safi peke yake, isipokuwa asidi ilimwagika. Betri iliyochajiwa vyema, ikapumzishwa usiku mmoja na bado mita ikasoma 10.5 hivi, huenda chumba kimoja kati ya sita kimekwisha. Hapo usipoteze pesa zaidi.

Unapokwenda kununua nyingine, katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au katika duka la mjini kwenu, kumbuka kwamba hata betri ya dukani imekuwa ikikaa. Mpya haimaanishi changa. Iliyojazwa asidi kiwandani na kukaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imekwisha kuanza kushika ukoko kabla hujailipia. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo huwa imegongwa juu au kubandikwa ubavuni, na umwombe mwuzaji aipime mbele yako. Ikisoma chini ya 12.4, omba nyingine. Zile zinazouzwa zikiwa kavu na kutiwa asidi siku ya kununuliwa hustahimili rafu kwa muda mrefu zaidi.

Ile kuukuu nayo usiitupe nyuma ya ghala, mahali kuku hudonoa na watoto hucheza. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa wanajua risasi ya betri hufanya nini mwilini, hasa kwa mtoto. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi jirani nao kuanzia 2007 hadi 2014, na mwaka wa 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, kesi iliyoendelea kukatiwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Irudishe kwa mwuzaji. Wengi huipokea na kukupunguzia bei ya ile mpya.